Vifo Vilivyotangulia Tangazo: Kisa cha Njaa ya Somalia, 2011 na 2022

Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba maeneo mawili ya kusini mwa Somalia, yaani sehemu ya kusini ya mkoa wa Bakool pamoja na mkoa wa Shabelle ya Chini, yamekumbwa na baa la njaa. Baada ya tangazo hilo fedha, meli za chakula na wanahabari walianza kumiminika. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 kwa niaba ya Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na mtandao wa tahadhari za njaa wa FEWS NET, ulikuja kukadiria kwamba watu wapatao 258,000 walipoteza maisha kusini na katikati ya Somalia kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, juu ya wale ambao wangekufa hata kama janga hilo lisingetokea, na kwamba 133,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Karibu nusu ya watu hao walikuwa wameshazikwa siku tangazo liliposomwa.

Miaka 11 baadaye nchi hiyo hiyo ilipatwa na ukame mrefu zaidi. Misimu 5 ya mvua ilishindwa mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miongo 4. Safari hii baa la njaa halikutangazwa, na mwishoni mwa mwaka mashirika mengi yalisema kwa haki kabisa kwamba balaa limeepushwa. Hata hivyo, ripoti iliyoandaliwa na wataalamu wa Chuo cha Usafi na Tiba za Tropiki cha London na Imperial College, na kutolewa Machi 2023 na serikali ya Somalia pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ilikadiria kwamba ukame huo uliua watu 43,000 katika mwaka 2022 pekee, nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwa pamoja hatua ambayo dunia imepiga katika kupambana na njaa na kasoro ambayo bado haijarekebishwa. Dunia nzima iliahidi mwaka 2015 kwamba njaa itakuwa imekwisha ifikapo 2030. Kwa makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa mwaka 2025, watu wapatao milioni 673, sawa na asilimia 8.2 ya walimwengu, walikuwa na njaa mwaka 2024. Idadi hiyo ilikuwa imepungua kidogo kwa jumla, kwa sababu ya nafuu iliyopatikana Asia na Amerika ya Kusini, lakini barani Afrika ilipanda na kupita mtu 1 katika kila 5. Takwimu za namna hiyo hueleza ukubwa wa tatizo bila kueleza jinsi mtoto mmoja anavyofikia kufa katika nchi ambayo wataalamu wake walikuwa wakitoa tahadhari kila mwezi. Hilo huonekana tu ukitazama mahali pamoja kwa makini.

Mahali penyewe na watu wake

Kusini mwa Somalia, kati ya mito Juba na Shabelle, ndiko kwenye ardhi inayolimika kuliko sehemu nyingine zote za nchi. Mkoa wa Bay, ambao mji wake mkuu ni Baidoa, ndio ghala la mtama. Mabonde ya mito miwili hutoa mahindi. Kalenda ya wakulima hufuata misimu miwili ya mvua: Gu, inayoanza Aprili na kulingana na masika yetu, na Deyr, ya Oktoba hadi Desemba, inayolingana na vuli. Msimu mmoja ukikosa mvua, kaya hula akiba na kuuza mbuzi. Ikikosa miwili, huuzwa kila kilichobaki, na watu huanza kuondoka.

Ni jambo la kusikitisha sana kwamba waliokufa kwa wingi mwaka 2011 hawakuwa wafugaji wa ngamia wa maeneo makavu zaidi, bali watu wa eneo hilo lenye rutuba. Walikuwa hasa wakulima wa ukoo wa Rahanweyn, pamoja na jamii zinazoitwa Wabantu wa Somalia, ambao wengi wao ni wazao wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania na Msumbiji. Baadhi ya jamii za bonde la Juba huzungumza Kizigua hadi leo, na wakati wa vita vya miaka ya 1990 wapo waliorudi Handeni, mkoani Tanga, wakapewa makazi huko Chogo. Barawa nayo, mji wa kale wa pwani wenye wenyeji wanaosema Chimbalazi, lahaja ya Kiswahili, imo katika Shabelle ya Chini, mmoja wa mikoa miwili iliyotajwa katika tangazo la Julai 2011. Msomaji wa Kiswahili anayeliona janga hili kama habari ya watu wa mbali anahitaji kuifungua ramani upya.

Jamii hizo hazikuwa na bunduki nyingi wala ndugu wengi katika serikali. Jambo lililowaumiza zaidi ni kwamba hazikuwa na ndugu wengi ughaibuni. Wasomali walioko Eastleigh jijini Nairobi, London, Minneapolis na Ghuba hutuma nyumbani zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka kupitia hawala, yaani wafanyabiashara wanaopitisha fedha kwa kuaminiana, na fedha hizo ndizo bima ya kwanza ya familia nyingi wakati wa ukame. Familia isiyo na mtu wa kupigiwa simu Nairobi au Toronto haina bima hiyo. Kwa hiyo ukame ulipiga kila mahali, lakini mauti yalifuata mkondo wa unyonge.

Tahadhari zilikuwepo

Kuanzia Agosti 2010 wataalamu wa FEWS NET na wa kitengo cha FAO kinachofuatilia chakula nchini Somalia walikuwa wameona kwamba hali ya La Niña, yaani kupoa kwa maji ya bahari ambako mara nyingi hupunguza mvua za Afrika Mashariki, inajengeka katika Bahari ya Pasifiki, na wakaeleza kuwa mvua za Deyr zingeweza kushindwa. Zilishindwa kweli. Mavuno ya Januari 2011 yakawa duni, bei ya nafaka katika masoko ya kusini ikapanda zaidi ya maradufu katika muda wa mwaka mmoja, na wakati huo huo bei ya mbuzi ikaporomoka kwa sababu kila mtu alikuwa anauza. Kibarua wa Bay aliyelipwa kwa siku alijikuta akinunua nusu, kisha chini ya nusu, ya mtama aliokuwa akiununua mwaka uliotangulia. Taarifa zote hizo ziliandikwa, zikatumwa kwa wafadhili, zikajadiliwa katika vikao vya Nairobi, ambako mashirika karibu yote ya Somalia yalikuwa na ofisi zake.

Kwa nini basi hakuna kilichofanyika kwa kiwango kilichohitajika? Sababu ya kwanza ilikuwa mtutu wa bunduki. Al-Shabaab walitawala sehemu kubwa ya kusini. Waliyatoza mashirika kodi, wakawatisha wafanyakazi wake, na Januari 2010 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, likasimamisha shughuli zake katika maeneo hayo. Baadaye, Novemba 2011, wakati njaa ikiendelea kuua, kundi hilo lilipiga marufuku mashirika 16 kwa mkupuo. Lawama ya hilo ni yao, na haifai kupunguzwa.

Sababu ya pili ilitoka upande wa pili. Marekani ilikuwa imewaorodhesha al-Shabaab kuwa kundi la kigaidi mwaka 2008, na sheria zake zilimaanisha kwamba shirika ambalo chakula chake kingeangukia mikononi mwao lingeweza kushtakiwa. Misaada ya Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, kwa Somalia ilishuka mno katika miaka miwili iliyofuata. Masharti hayo yalilegezwa mwanzoni mwa Agosti 2011, wiki mbili baada ya tangazo. Ninaona hapa ndipo penye funzo gumu kuliko yote ya mwaka ule: kizuizi cha kisheria ambacho kwa miezi mingi kilionekana hakiwezi kuguswa kiliweza kulegezwa kwa siku chache mara tu tangazo lilipotolewa.

Sababu ya tatu haina adui wa kumnyooshea kidole. Wafadhili walisubiri kuona kama mvua za Gu, Aprili 2011, zingenyesha. Hakuna ofisa anayetaka kuomba mamilioni kwa ajili ya janga ambalo mvua inaweza kulifuta. Gu nayo ikashindwa, na kufikia wakati huo watu walikuwa wameshaanza safari ya miguu kuelekea Dadaab, katika kaunti ya Garissa ya leo, na Dollo Ado nchini Ethiopia. Kambi za Dadaab, zilizojengwa kwa ajili ya watu 90,000, zilipokea wakimbizi zaidi ya 1,000 kwa siku katika wiki nzito zaidi, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa na zaidi ya watu 460,000. Kati ya Mei na Oktoba 2011 vifo vya ziada nchini Somalia vilikuwa takriban 30,000 kwa mwezi. Wengi hawakufa kwa kukosa chakula tumboni siku ile, bali kwa surua, kuhara na kipindupindu katika miili ambayo njaa ilikuwa imeshaimaliza nguvu ya kujikinga.

Kipimo na hesabu yake

Ili kuelewa kwa nini tangazo lilichelewa, na kwa nini mwaka 2022 halikutolewa kabisa, inabidi kutazama kipimo chenyewe. Mfumo unaotumiwa, unaojulikana kwa herufi IPC, hugawa hali ya chakula katika awamu 5. Ya tatu ni janga, ya nne ni dharura, ya tano ni baa la njaa. Eneo huingizwa katika awamu ya tano likitimiza masharti matatu kwa pamoja: angalau kaya 1 katika kila 5 iwe na upungufu wa kupindukia wa chakula, angalau asilimia 30 ya watoto wawe na utapiamlo wa ghafla, na watu wawe wanakufa kwa kiwango cha angalau 2 katika kila 10,000 kwa siku.

Tufanye hesabu ya wilaya yenye watu 100,000. Kwa kiwango hicho, watu 20 wanakufa kila siku, yaani 600 kwa mwezi. Sasa tuseme vifo ni 1.5 kwa kila 10,000 badala ya 2. Hapo wilaya haijafikia baa la njaa kwa mujibu wa kipimo. Iko katika dharura. Lakini watu 15 wanakufa kwa siku, 450 kwa mwezi, wakati katika hali ya kawaida ya nchi maskini vifo havifiki hata theluthi ya idadi hiyo. Ikikaa hivyo mwaka mzima, wilaya itakuwa imewazika watu zaidi ya 5,000 bila kuvuka mstari, na makao makuu ya mashirika yanaweza kuandika kwamba baa la njaa limezuiwa, na yakawa yamesema kweli.

Kwa kuwa vifo vyenyewe ni moja ya masharti, mfumo hauwezi kuthibitisha baa la njaa kabla watu hawajafa kwa wingi, na inahitajika timu ya kwenda kuhesabu makaburi na kuuliza kaya, katika nchi ambayo barabara zake zina vizuizi vya wanamgambo. Watayarishaji wa IPC wanalijua hilo, na ndiyo maana hutoa pia makadirio ya mbele. Tatizo ni jinsi watoaji fedha wanavyousoma mfumo huo: awamu ya tatu na ya nne huonekana kama vyumba vya kusubiria, na ya tano ndiyo inayofungua mkoba.

Upo utetezi wa mstari huo mkali, na ni wa haki. Kama kila ukame ungeitwa baa la njaa, jina hilo lingechakaa, na serikali yoyote ingeweza kulitumia kwa ajili ya kuomba au kulikataa kwa ajili ya kujificha. Ukali wa kipimo ndio uliowafanya watu waamini tangazo la 2011. Kwa hiyo mstari ubaki. Ninachopinga ni kuufanya mstari huo kuwa alama ya kufaulu au kufeli kwa juhudi nzima.

Yaliyobadilika kweli

Mwaka 2017 ulionyesha kwamba somo la 2011 halikupotea lote. Mvua za mwishoni mwa 2016 ziliposhindwa, tahadhari zilitolewa Januari na Februari, na tarehe 28 Februari Rais Mohamed Abdullahi Mohamed, aliyeapishwa mwezi huo huo, akatangaza maafa ya kitaifa. Fedha ziliingia katika nusu ya kwanza ya mwaka badala ya nusu ya pili. Baa la njaa halikutangazwa. Wachambuzi wa vifo baadaye walikadiria vifo vya ziada karibu 45,000 kwa miaka ya 2017 na 2018, idadi kubwa, lakini iliyo mbali na ile ya 2011.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa katika namna ya kufikisha msaada. Mwaka 2011, baada ya chakula cha meli kushindwa kufika kusini, mashirika yaliamua kwa hofu kubwa kupeleka fedha taslimu na hati za kununulia chakula kupitia wafanyabiashara wa hawala na maduka ya wenyeji. Wengi walidhani fedha zingeishia kwa wenye silaha. Ikaonekana kwamba soko la Somalia, ambalo liliendelea kufanya kazi kwa miaka yote isiyo na serikali, lingeweza kuleta nafaka ikiwa mnunuzi ana fedha. Kufikia 2017 na 2022 sehemu kubwa ya msaada ilikuwa inaingia moja kwa moja katika simu za wanawake wakuu wa kaya, kwa huduma ambazo Mkenya au Mtanzania angezifananisha na M-Pesa, isipokuwa kwamba za Somalia huhesabu kwa dola. Mama anayepokea fedha kambini Baidoa hapangi foleni ya gunia mbele ya watu. Hununua unga, mafuta na maziwa anapoona inafaa. Gunia linaweza kuzuiwa kwenye kizuizi cha barabarani. Ujumbe wa simu si rahisi kuuzuia.

Badiliko la pili liko katika tiba, na linastahili kuangaliwa kwa karibu. Mhudumu wa afya hubeba utepe wa rangi tatu na kuuzungusha katikati ya mkono wa juu wa mtoto mwenye umri kati ya miezi 6 na miaka 5. Ukisomeka chini ya milimita 115, rangi ni nyekundu, na mtoto yuko katika hatari ya kufa. Zamani mtoto huyo alipaswa kulazwa na kunyweshwa maziwa maalumu yaliyochanganywa na maji safi, kitu ambacho hakipo vijijini. Sasa, ikiwa hana maradhi mengine na anaweza kula, hupewa pakiti za chakula tiba: gramu 92 za karanga zilizosagwa pamoja na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, zenye kilokalori 500. Haihitaji kupikwa wala kuongezwa maji, kwa hiyo haibebi vijidudu vya kuhara. Mtoto hukamua pakiti na kula mwenyewe. Katoni moja yenye pakiti 150 hutosha takriban mtoto mmoja kwa matibabu ya wiki 6 hadi 8, na sehemu ya chakula hicho hutengenezwa nchini Kenya. Mama akifundishwa kutumia utepe, anaweza kumpima mwanawe nyumbani bila kusubiri timu ije. Ninaamini vitu hivi viwili, utepe na pakiti, vimeokoa watoto wengi kuliko mikutano yote ya viongozi iliyofanyika kuhusu njaa.

Mwaka ambao mstari haukuvukwa

Pamoja na hayo yote, mwaka 2022 ulianza vibaya. Msimu wa tatu ulikuwa umeshindwa, mifugo ilikuwa ikifa kwa mamilioni, na Februari vita vya Ukraine vikaanza. Zaidi ya asilimia 90 ya ngano iliyoingia Somalia ilitoka Urusi na Ukraine. Bei ya unga na mafuta ya kula ikaruka katika nchi ambayo tambi na mkate ni chakula cha kila siku mijini. UNICEF nayo ikaonya kwamba bei ya chakula tiba ingepanda kwa asilimia 16. Wafadhili wa Ulaya walikuwa wakitazama mpaka wao wenyewe. Ombi la misaada kwa ajili ya Somalia lilipita miezi ya kwanza ya mwaka likiwa limejazwa kidogo sana, na WFP ilikuwa ikiwafikia watu wachache kuliko nusu ya wale waliohitaji.

Tarehe 5 Septemba 2022 Martin Griffiths, mratibu wa misaada ya dharura wa Umoja wa Mataifa, alisimama Mogadishu na kusema njaa iko mlangoni. Siku hiyo ilitolewa tathmini ya IPC iliyoeleza kuwa wilaya za Baidoa na Burhakaba zingeingia katika baa la njaa kati ya Oktoba na Desemba ikiwa misaada haitaongezwa. Misaada iliongezwa, na iliongezwa kwa kishindo. WFP iliwafikia zaidi ya watu milioni 4 kwa mwezi. Zaidi ya nusu ya fedha za mwaka ule zilitoka kwa mfadhili mmoja, Marekani. Desemba ikafika, masharti matatu hayakutimia kwa pamoja, na tangazo halikutolewa. Mvua za Gu za 2023 zilinyesha.

Sasa turudi kwenye vifo 43,000. Vilitokea lini? Uchambuzi wa ripoti ile unaonyesha vilisambaa mwaka mzima, na mikoa ya Bay, Bakool na Banadir, yaani eneo la Mogadishu lenye kambi za wakimbizi wa ndani, ndiyo iliyoumia zaidi. Watu zaidi ya milioni 1 walikuwa wamehama makwao kwa sababu ya ukame tangu mwanzoni mwa 2021, wakajazana kwenye vibanda vya matambara na miti kandokando ya Baidoa na Mogadishu, kwenye vyoo vichache na maji machafu, na surua ikapita humo miongoni mwa watoto wasiochanjwa. Yaani lile lililoua mwaka 2011 ndilo lililoua mwaka 2022, kwa kiwango kidogo zaidi. Msaada mkubwa wa nusu ya pili ya mwaka uliwazuia wengine wasiwafuate, lakini haukuweza kuwarudisha waliokwisha kufa katika nusu ya kwanza.

Mtu anaweza kuuliza kama kutoka 258,000 hadi 43,000, katika ukame mrefu zaidi na idadi kubwa zaidi ya wananchi, si ushindi. Ni ushindi, na ninausema bila kusita. Wapo makumi ya maelfu ya vijana wa Bay na Bakool walio hai leo kwa sababu simu ya mama yao ililia kwa wakati na pakiti za karanga zilifika kituoni. Wanaosema misaada haijawahi kubadilisha chochote hawajazisoma takwimu hizi. Lakini idadi ya 2017 na ile ya 2022 zinakaribiana mno kiasi cha kuniogopesha: mara mbili mfululizo dunia ilisherehekea kuepusha baa la njaa, na mara mbili yakabaki makaburi zaidi ya 40,000 ambayo hayakuingia katika taarifa ya siku ile, kwa sababu hesabu yake ilitoka baadaye, wakati kamera zilikuwa zimeshaondoka.

Ingewezekana kufanya nini zaidi? Sehemu ya jibu imeshajaribiwa. Mfuko wa dharura wa Umoja wa Mataifa, CERF, ulitoa dola milioni 15 kwa Somalia katikati ya 2020 kwa kuzingatia makadirio, kabla hali haijaharibika, zikatumika katika maji, afya na ulinzi wa mifugo. Serikali ya Somalia nayo, kwa ruzuku za Benki ya Dunia, ilianzisha mpango wa Baxnaano wa kulipa kaya maskini fedha kila mara, uwe mwaka wa mvua au wa ukame, kiasi kwamba ukame ukija orodha ya watu iko tayari na malipo yanaweza kuongezwa kwa amri moja. Njia hizo mbili zinafuata mantiki iliyo kinyume na ya tangazo: zinalipa kwa sababu mvua imekosekana, bila kungoja mtoto akonde. Kiasi chake kilikuwa kidogo mno kulinganisha na mabilioni yaliyohitajika baadaye, na hapo ndipo ninapoona uzembe wa kweli, kwa kuwa kumlinda mfugaji asiuze mbuzi wake wa mwisho ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kumhudumia kambini kwa miaka.

Lipo pia suala la haki ambalo halipaswi kuachwa nje. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walieleza Aprili 2023 kwamba ongezeko la joto lililosababishwa na binadamu lilifanya ukame wa kilimo wa aina ile uwe na uwezekano wa kutokea angalau mara 100 zaidi. Mchango wa Somalia katika hewa ukaa ya dunia hauonekani hata kwa desimali. Mkulima wa Burhakaba analipia joto ambalo hakulisababisha, kisha anaambiwa asubiri huruma ya bajeti za nchi zilizolisababisha.

Baada ya 2023

Baada ya ukame ikaja El Niño ya mwishoni mwa 2023, na mafuriko yakafunika mashamba ya kandokando ya mito ile ile. Kisha mwaka 2025 mfadhili aliyebeba zaidi ya nusu ya mzigo wa 2022 akauweka chini. Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shirika lake la maendeleo, USAID, likafungwa rasmi. FEWS NET, mtandao ule ule ulioiona La Niña Agosti 2010, ulikuwa ukilipiwa na fedha hizo. Ulizimwa mwishoni mwa Januari, tovuti yake ikafungwa, na ulianza kurudi kwa sehemu katikati ya mwaka. Kwa miezi kadhaa, basi, kilichokosekana hakikuwa msaada peke yake, kilikuwa pia jicho la kuona nani anauhitaji. Uingereza na nchi nyingine za Ulaya zilikuwa zimetangaza kupunguza misaada yao katika kipindi hicho hicho.

Oktoba 2025 WFP ilieleza kwamba wanaopata chakula cha dharura nchini Somalia wangepungua kutoka milioni 1.1 mwezi Agosti hadi 350,000 mwezi Novemba, wakati watu wapatao milioni 4.4 walitarajiwa kuwa katika awamu ya tatu au zaidi hadi mwisho wa mwaka. Ukizichukua tarakimu hizo mbili na kuziweka kando ya kisa hiki, swali halipaswi kuwa kama Baidoa itavuka mstari wa vifo 2 kwa kila 10,000. Watu 350,000 ni chini ya 1 katika kila 12 ya wenye shida. Katika vituo vilivyopunguziwa pakiti na wahudumu, mtoto anayesomeka nyekundu kwenye utepe leo hatahesabiwa katika tangazo lolote, na kama utafiti wa vifo utafanyika baada ya mwaka mmoja au miwili, itategemea kama fedha za kuufanya zitakuwa zimebaki.